Kifungo Kifuani mwa Akida

Wamesimulia waliosimuliwa, na mimi naongeza sauti tu, siongezi neno, kwamba katika mji wa Zahari, mji wa kuta nyeupe na kuba za kijani, alitawala Sultani Mundhiri bin Ghalibu, naye alikuwa kijana mwenye sura jamili na moyo usio na ubaya, ila alikuwa na ila moja, nayo ni kuamini kila aliloambiwa na watu wake mwenyewe. Na babu yake alikuwa amemwachia sheria iliyochongwa juu ya lango la baraza, isemayo: Neno la askari ni neno la Sultani. Basi askari akisema fulani ni mwizi, huyo alikuwa mwizi, na askari akisema jua limekuchwa adhuhuri, watu waliwasha taa. Na aliyemshitaki askari bila shahidi alikatwa ulimi, na kwa hiyo mashahidi walikuwa tele sokoni na barazani hawakuonekana, maana kila mtu anaupenda ulimi wake.

Na katika mji huo waliishi mayatima wawili, Hamdani mpika halwa na dada yake Tufaha, ambaye alishona majoho ya askari. Siku moja Akida Sarahani, mkuu wa askari wote, alifika na joho lililong'oka kifungo, akalitupa mapajani mwa Tufaha asiseme hata salamu. Tufaha akatafuta kifungo cha kufanana nacho asikipate, na mwisho akafungua kijaluba cha marehemu bibi yake, akatoa kifungo cha shaba kilichonakshiwa mfano wa jicho. Bibi alipata kumwambia, "Mjukuu wangu, hiki usimshonee mtu mwongo, utamponza." Tufaha akayaona ni maneno ya wazee, akakishona.

Kesho yake habari zikamjia kwamba kaka yake ametiwa gerezani, na kwamba Ijumaa baada ya sala atakatwa mkono wa kulia, kwa kuwa amempiga Akida. Akakimbilia gerezani, na Hamdani akamwambia kupitia nondo za dirisha, "Wallahi dada, sikumgusa. Nilimkataza tu kutia mkono katika sinia la halwa ya arusi." Na mkono huo ndio uliokoroga halwa tangu wazazi wao walipofariki, na ndio uliomlea Tufaha.

Basi akazunguka sokoni kuuliza nani ameona. Huyu akasema alikuwa akifunga kilemba, na yule akasema ana ugonjwa wa macho, na mwingine akaapa kwamba siku hiyo hakutoka nyumbani, na kanzu yake ina madoa ya halwa kuanzia kifuani mpaka magotini! Naona haya hata kuwataja watu hao.

Ijumaa ilipowadia Tufaha akaingia barazani peke yake, na sindano yake ameichomeka kwenye mtandio kama ilivyo ada ya washonaji, akasimama mbele ya kiti cha enzi, akasema, "Maulana, Mungu akupe umri. Nimekuja kuushitaki mdomo wa Akida wako."

Waziri akaruka. "Ewe mwanamke, waijua adhabu ya neno hilo?"

"Naijua, Bwana Waziri. Tangu utotoni nausoma ukuta wenu, na tangu utotoni naona herufi zake ni nzuri na maneno yake ni mabaya."

Akida Sarahani akatoa kifua mbele, akaapa kwamba Hamdani alimrukia bila sababu, na kwamba halwa yake hakuigusa hata kwa ncha ya kidole. Na Sultani akasema, "Binti, umesikia. Shahidi wako nani?"

Tufaha akawageukia watu wa soko waliojaa ukumbini, nao wakainamisha vichwa wakatazama viatu vyao. Hasira ikampanda. "Basi kama wanaadamu wamekuwa mabubu," akasema, "nasema na kila kilichoumbwa na Mola: kaka yangu amedhulumiwa, na aliyeona na aseme!"

"Labeka!"

Sauti ilitoka kifuani mwa Akida. Kifungo kikafumbua jicho, na moshi ukatoka, na moshi ukawa jini mrefu ambaye kichwa chake kiligusa kuba na miguu yake ilibaki kifungoni, na Akida akayumba kwa uzito wake.

"Mimi ni Basiri," akasema jini. "Nilikuwa mmbea wa kupindukia katika jeshi la Nabii Suleiman, amani iwe juu yake. Niliona kidogo nikasimulia kingi, hata akanifunga humu, akaniapisha kwamba nitaona yote yaliyo mbele yangu, na sitasema mpaka aliyedhulumiwa aniite, na nikisema nisitie hata chembe ya chumvi."

"Simulia," akasema Sultani, "na chumvi tuachie wapishi."

"Akida alitia mkono katika sinia. Hamdani akasema, 'Akida, hii ni amana ya watu, bibi arusi anaingojea.' Akida akala. Hamdani akasema, 'Tumbo lako ni kaburi la vya watu.' Akida akampiga kwa rungu, na Hamdani akaanguka juu ya sinia, halwa ikaruka. Hamdani hakuinua mkono."

Waziri akadakia, "Kumbe alimtukana mkuu wa askari! Binti, unaukubali ushahidi huo?"

"Naukubali wote," akasema Tufaha. "Ulimi wa kaka yangu ni mkali, na akanywe kwa hilo. Mkono una kosa gani?"

"Kisha ikawa giza," akaendelea jini, "kwani Akida alishika joho lake lisichafuke, na kidole gumba kikanifunika. Yaliyokuwa gizani siyasemi. Ila kidole hicho kilikuwa na halwa, na halwa hiyo ningali nayo."

Kadhi akasogea, akakwangua nakshi za kifungo kwa ukucha, akanusa. "Hiliki na zafarani," akasema. Akida akakikamata kifungo ili akinyofoe, na jini akapiga ukelele, "Giza tena!" na baraza zima likaangua kicheko, hata wale wenye ugonjwa wa macho.

Sultani hakucheka. "Mwenye mkono safi hafuniki jicho," akasema. "Sarahani, kifungo kimoja umekivaa, na kingine utakitumikia. Mfungueni Hamdani, mumlete hapa."

Na jini alipoeleza kwamba wambea wenzake wamefungwa katika vifungo kama chake, vilivyomo katika mtungi wa shaba ndani ya hazina ya Sultani, Sultani akaamuru kila askari ashonewe kimoja. Waziri akasema kwamba askari anayechungwa atakuwa mwoga, na heshima yake itavunjika. Lakini Mabruki, askari wa zamani mwenye mvi, akasema, "Bwana Waziri, mimi nakitaka. Mara ngapi nimesingiziwa nimepokea mlungula, na sikuwa na wa kuniamini ila mke wangu?"

"Basi viwekwe katika sanduku la Akida mpya," akasema Waziri, "na aviulize yeye peke yake."

"Fisi hakabidhiwi bucha!" akasema Tufaha. "Viulizwe hapa, mbele ya watu, na aviulize aliyeonewa. Na askari akipiga hodi katika nyumba yangu nikasema 'fumba', jicho lifumbe, maana nyumba ina sitara yake. Lakini askari akisema 'fumba', jicho na likodoe."

Sultani akapendezwa naye upendo usio na kificho, akamposa kwa Hamdani pale pale, na Hamdani akajibu, "Maulana, muulize mwenyewe. Mimi bado nautazama mkono wangu."

"Taja mahari, Tufaha. Dhahabu, lulu, au majumba."

"Mahari yangu ni kifungo."

"Kifungo kipi?"

"Cha shaba, Maulana, na juu ya joho lako. Kaka yangu alikuwa akatwe mkono leo, na si kwa amri ya Akida, bali kwa yako. Askari hawa walijifunza kwa nani kwamba neno lao halipingwi? Usipokipokea, ukate ulimi wangu, kwani nimekushitaki wewe sasa."

Upanga wa Waziri ukatoka nusu alani. Na watu wa soko, wale wale, wakainua vichwa na wakasogea, wakamzunguka Tufaha, na yule mwenye kanzu ya madoa akasimama mbele kabisa. Sultani akawatazama, na akaitazama ile sheria ya babu yake juu ya lango. Kisha akalivua joho lake, akalitandaza mapajani mwa Tufaha kwa mikono miwili.

"Shona," akasema.

Tufaha akachomoa sindano kwenye mtandio wake, akakitoa kifungo cha Basiri katika joho la Sarahani, akakishona katika la Sultani, na alasiri hiyo waashi wakaikwangua ile sheria mpaka jiwe likawa jeupe, na arusi ikaliwa halwa ya Hamdani. Nao waliishi kwa neema, na walipogombana, kama wagombanavyo wote, Basiri aliulizwa nani alianza.

Mtawala anayeogopa kuonwa, mwogopeni ninyi. Na kama katika haya nimetia chumvi, kifungo kipo, kiulizeni.