Nani Ashike Chapa ya Mzee Kasanda?

Tegeni masikio, na majibu yenu yawe karibu, maana yatadaiwa.

Mzee Kasanda wa mbuga ya Isanzilo alikuwa na watoto watatu. Nyamizi, kifungua mimba, alikuwa na jicho lisiloruka mstari. Maganga alikuwa na mkono wa kufumua na kufuma upya. Kalunde, kitinda mimba, alikuwa na miguu isiyorudi nyuma.

Kiangazi kimoja wachungaji walitafuta maji kwa programu ya simu iitwayo Malambo. Ilikuwa programu huria: msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, u wazi, yeyote anaweza kuusoma. Basi kila mtu akadhani mwenzake ameshausoma. Nyamizi ndiye aliyemwekea baba yake.

Wavamizi wakafika kambini kwa mzee kana kwamba wameelekezwa. Wakamchinja kando ya ng'ombe wake, wakachukua simu yake. Kesho yake simu ya marehemu ikatuma ujumbe: "Njooni, niko hai." Jamaa wawili walikwenda. Walikatwa mapanga.

Nyamizi hakulia. Alifungua msimbo akausoma wote. Siku ya tatu akaikuta: mistari sita, katikati ya ile inayochora visima, ikituma kwa siri mahali alipo mchungaji, kila robo saa, kwenye mtambo wa watu wasiojulikana. Huko ndiko wavamizi walikopata habari.

"Baba nimemuua mimi," alisema.

"Utalia baadaye, dada," Maganga akamjibu. "Sogea nikae."

Akaikata mistari ile kwa pupa. Programu ikagoma kufunguka, kwani ramani ilikuwa imefungamanishwa nayo. Akiwa bado anahangaika nayo asubuhi hiyo, programu ya zamani ikaendelea kuwasaliti wengine: kambi ya baba mdogo ikateketezwa, watu wanne ndani. Maganga akafumua ramani yote, akaifuma upya. Jua la utosi programu ikaonyesha maji bila kumwambia mtu mchungaji alipo.

Lakini nani angeamini tena ujumbe wa simu? Na bila ramani ng'ombe wangekufa kiu. Ilibidi programu mpya ipelekwe na ndugu, mkononi. Kalunde akaenda. Kwenye korongo mvamizi alimkata mkono wa kushoto; naye akamchoma kisu cha koo, akafunga kigutu kwa kanga, akatembea. Kambi saba zikaipokea, simu kwa simu. Hakuna iliyoguswa tena.

Kwa desturi ya ukoo huo, chuma cha chapa, cha kutia ng'ombe alama, hakigawanywi. Anayekishika ndiye mwenye kundi. Mjane wa Kasanda, mama yao, akakiweka motoni. "Aliyeokoa kambi akishike."

"Bila jicho langu mngekata nini?" Nyamizi akauliza.

"Bila wewe baba asingekuwa na programu hiyo," Maganga akasema.

"Na pupa yako je? Waliungua wanne," Nyamizi akamrudishia.

Kalunde akacheka kidogo. "Mnagombea chuma cha kushikwa kwa mikono miwili, mimi nikiwa na mmoja."

Chuma kilikuwa chekundu, ndama wamefungwa wakingoja. Nyamizi alinyoosha mkono nusu, akauacha hapo.

Je, nyinyi mnaosikiliza, mngekuwa mama yao, mngemkabidhi nani?