Kwa Nini Pombe ya Asali Huwasha Koo

Twangeni taratibu, wajukuu zangu. Mnapiga chafya kama mbuzi waliovuta ugoro, na bado mnaniuliza kwa nini tunajitesa na tangawizi wakati asali peke yake ni tamu. Swali ni la haki. Nitawajibu, ila mchi usisimame.

Kulikuwa na wakati pombe ya asali haikuwasha. Ilikuwa tamu tu, na wazee waliinywa huku wakisinzia. Asali ilikorogwa pamoja na masega yake katika maji ya uvuguvugu, ikatiwa chachu, mtungi ukafunikwa kwa jani la mgomba na kuwekwa karibu na jiko mpaka uanze kuguna. Kiungo hakikutiwa hata kimoja. Na aliyeipika hakuionja. Kuonja kabla ya mgeni kulihesabiwa ulafi, kwa hiyo mwenye nyumba alikunywa mwisho, kwenye mashapo. Mgeni naye alikuwa na adabu yake: alichopewa alikisifu, hata kama kilikuwa maji ya kuoshea vyungu.

Ng'ambo hii ya mto Lusala aliishi mama mmoja, Nyamizi, ambaye pombe yake iliwatoa watu mbali. Mumewe, Kasanda, alikuwa mrina asali, tena hodari wa kusokota kamba za kupandia miti yenye mizinga. Walikuwa na binti mmoja tu, Kalunde, wakamwoza ng'ambo ya pili kwa mwana mkubwa wa Mzee Lugonzo. Undugu ukanoga. Watu walivuka mto wapendavyo, na hakuna aliyeulizwa anakwenda kwa nani.

Kisha Masele, kitinda mimba wa Lugonzo, akapanda mti kurina asali kwa kamba aliyoazima kwa Kasanda. Kamba ikakatika, na kijana akafa. Watu wa ng'ambo wakasema kamba ilikuwa imeoza. Watu wa huku wakasema Masele aliiacha kwenye mvua. Neno likazaa neno. Lugonzo mwenyewe hakusema kitu, wala hakulia. Alimzika mwanawe kwa macho makavu, kama ilivyompasa mwanamume wa zamani zile, kisha akakataza mtu yeyote wa nyumba yake kuvuka mto.

Kalunde akafungiwa huko, na huko huko akajifungua. Nyamizi alipata habari kutoka kwa wanawake waliopaziana sauti wakiteka maji. Walimwambia mtoto ni wa kike, na amechukua masikio ya bibi yake. Nyamizi aliumia sana. Mniulize mimi: hakuna adhabu kama kuwa na mjukuu unayemsikia tu kwa watu.

Ukaja mwaka wa ukame. Mto ukabaki madimbwi, na watu wa pande mbili wakajikuta wanachota dimbwi moja bila kusalimiana. Wazee wakaona aibu. Ikakubaliwa kwamba Lugonzo na ndugu zake waje kwa Kasanda kunywa pombe ya suluhu. Sheria yake ilikuwa moja: mtungi ukiisha, ugomvi umeisha; lakini wageni wakiinuka na pombe imebaki, hapaletwi mtungi mwingine milele.

Tabu ilikuwa asali. Miti ya porini haikuchanua mwaka ule. Uliochanua ni mnyaa peke yake, ule wa kujengea ua, wenye utomvu mweupe unaounguza macho. Nyuki walikuwa na njaa kama watu, wakaenda huko. Kasanda akarina kilichokuwepo. Nyamizi akaiona asali ina rangi nzuri, akaikoroga kama siku zote, na mtungi ukaguna vizuri. Hakujua kwamba asali ya mnyaa ni moto kooni. Angejuaje, na kuonja ni mwiko?

Wageni wakaja, wakaketi. Lugonzo akapewa kibuyu, akapiga funda. Alihisi amemeza kaa la moto. Machozi yakamtoka. Lakini adabu ni adabu. Akasema pombe ni nzuri, akampa ndugu yake. Ndugu akanywa, akakohoa, akasifu, akafuta uso. Kibuyu kikazunguka hivyo, kikajazwa, kikazunguka tena, na hakuna aliyethubutu kusema kitu.

Watu wa Kasanda walikuwa wamekaa upande wa pili wakingoja zamu yao, nao hawakujua lolote. Waliona tu wazee wa ng'ambo wanalia, na Lugonzo mbele yao, yule ambaye hakulia makaburini. Wakadhani majonzi yamefumuka. Na wao walimpenda Masele. Basi wakaanza kulia pia. Kasanda alilia kwa sauti, akilitaja jina la kijana, akisema laiti angeisokota upya kamba ile kabla ya kumpa. Ndugu mmoja wa Lugonzo akahama mahali pake, akaenda kukaa karibu naye.

Pombe ilipokaribia kwisha, zamu ya wenyeji ikafika, na Nyamizi akapewa wa kwanza. Akanywa, na papo hapo akaelewa. Sasa fikirini hali yake. Akinyamaza, mtungi unaisha na kesho anambeba mjukuu. Akisema, wanaume wazima wataambiwa mbele za watu kwamba waliunguzwa koo tu, na mwanamume aliyeaibishwa hivyo huinuka akaenda zake. Aliogopa kusema. Lakini aliogopa zaidi suluhu ya uongo, kwa kuwa mtoto wa binti yake ndiye angekuja kuirithi. Akapiga magoti mbele ya Lugonzo.

“Mkwe wangu,” akasema, “nimewanywesha moto. Asali hii ni ya mnyaa, na sikuionja. Mkiinuka sasa, sitawalaumu.”

Lugonzo akautazama mtungi, kisha akamtazama Kasanda, ambaye bado alikuwa anapenga kamasi.

“Mkwe,” akajibu, “kibuyu cha kwanza niliungua. Cha pili nilimlilia mwanangu. Nitilie hicho kilichobaki.”

Akakinywa chote. Asubuhi yake Kalunde akavuka na mtoto mgongoni. Nyamizi akampokea, akamfunua kichwa, akakuta masikio ni yake kweli, maskini mtoto wa watu.

Mvua zikarudi na asali ikawa tamu kama zamani. Pande mbili zilipokutana kumkumbuka Masele, walikunywa, wakasinzia, na hakuna aliyeweza kumtaja. Lugonzo akakiweka kibuyu chini, akasema pombe hii imelala. Nyamizi akaenda bondeni, akachimba tangawizi, akaitwanga, akaitia mtungini. Siku hizi wapo wanaoongeza mdalasini, iliki na karafuu. Sina ugomvi nao, ilimradi tangawizi isikosekane.

Na tangu siku hiyo mwenye nyumba huonja kwanza, mbele ya wageni wake, na pombe ya asali huwasha koo la kila mtu. Tukimwona mwanamume mzima ameshika kibuyu na machozi yanamtiririka, hatumuulizi analia nini. Tunasema ni tangawizi, kisha tunamwongezea.