Hodi ya Mto

Sogeeni, jamani, hadithi imeiva!

Bwana Mwinyikombo aliufukia mto kwa kifusi, akajenga ghorofa juu yake mji ulipopanuka. Zimwi la mto likaja kulipiza kisasi, ila haliwezi kuingia nyumba bila kukaribishwa.

"Hodi! Mimi mwenye kiwanja."

"Potelea mbali!"

Kesho yake: "Hodi! Nipe japo njia ya kupita."

"Pita kwa jirani, mkosi wee!"

Siku ya tatu likalainisha sauti. "Hodi, bwana mkubwa! Nimekuja kusifia vigae vyako."

Sifa tena! Mwinyikombo akachekelea hadi masikioni. "Karibu mgeni, hapa ni kwako!"

"Umesema mwenyewe," likajibu zimwi, likaingia na maji yote.

Sasa vyura wanalala kitandani, na Mwinyikombo yuko nje, anapiga hodi.

Hadithi yangu imekauka, yeye bado.