Karoti za Rangi Nne za Mzee Athumani

Jumanne, tarehe kumi na saba Juni, saa tisa alasiri, mume wangu Athumani Kihiyo aliomba maji. Akanywa funda moja, akasema neno lake la mwisho juu ya mambo ya dunia, kisha akatamka shahada, akanyamaza. Tangu saa ile sijatulia. Nikikaa nainuka, nikiinuka sijui naendea nini. Sikilizeni polepole, maana nami nasema polepole.

Nyuma ya jiko letu, huku milimani Lushoto, kuna kitalu kimoja, upana wake mikeka miwili. Humo marehemu alipanda karoti za zambarau, za njano, nyeupe, na hizi za rangi ya chungwa ambazo kila mtu anazijua. Watu walikuja kuzitazama kama wanavyomtazama bibi harusi. Kila mwaka aliiacha rangi moja tu itoe maua na mbegu, kwa sababu nyuki hawajui mipaka. Rangi mbili zikichanua pamoja, msimu wa mbele unavuna karoti zilizopauka, zisizofuata rangi ya mama wala ya baba. Mbegu za rangi nyingine zilingoja zamu yao juu ya uchaga wa jikoni, zikiwa bado kwenye vichwa vyake vikavu.

Mwaka huu ugonjwa ulimlaza, kitalu kikabaki kitupu. Ndiyo maana neno lake la mwisho lilikuwa hili: "Kitalu apewe atakayezirudisha rangi zote nne. Apewe mmoja. Kisigawanywe." Shehe akasema wasia huo ni sahihi, mradi atakayepewa si mrithi.

Watu watatu walisimama, na hakuna mrithi kati yao. Mwanahawa, mke wa mwanangu, amejaliwa macho. Sindano ikianguka yeye ndiye huiokota. Hoza, jirani yetu, amejaliwa mikono. Akiushika udongo hujua unataka nini. Tunu, binti wa dada yangu, amejaliwa masikio. Mvua huisikia ikiwa bado upande wa pili wa mlima. Wote watatu walikuwa wakila nasi sinia moja. Mimi nilikuwa katika eda, sitoki, nikakaa mlango wa jiko na tasbihi yangu, nikayaona yote.

Siku ya mazishi jiko lilijaa wanawake, na kuni zilikuwa mbichi. Mmoja wao akanyoosha mkono uchagani, akashika vile vichwa vya mbegu, akadhani ni majani makavu tu, akavisukuma chini ya sufuria ya wali. Mimi nilikuwa namlilia marehemu, sikuona. Mwanahawa aliona. Akaingiza mkono katika moto, akavitoa, akavizima kwa kanga yake. Mbegu nyingi ziliungua. Zilizobaki, za rangi zote nne, zilijaa kiganja. Kovu analo mpaka leo.

Mbegu ikakabidhiwa Hoza. Alilima kitalu mpaka chini kabisa, akatoa kila jiwe, akakataa samadi mbichi, akisema itazifanya karoti ziote miguu miwili kama watu. Akapanda, akafunika kwa magunia, akawa anayamwagilia asubuhi na jioni. Wiki ikapita, hakuna kitu. Ya pili ikapita. Wanangu wakasema mbegu zimekufa motoni, tupande mboga za chainizi tule. Mwanahawa mwenyewe akamtania.

"Shemeji Hoza anamwagilia magunia. Labda atavuna mifuko."

"Karoti ni mgeni mwenye heshima zake," Hoza akajibu. "Haingii ndani kwa hodi moja."

Akaendelea. Wiki ya tatu ilipokuwa inaisha akafunua gunia, na chini yake palikuwa na vijani vyembamba kama nyuzi.

Karoti zilipofika unene wa kidole, nikaona jani moja linazama ardhini mchana kweupe, kama mtu amelivuta kwa chini. Kesho yake yakazama mengine. Alikuwa fuko. Hoza alimwaga maji mashimoni, akafukiza moshi wa pilipili, fuko akahamia upande wa pili akaendelea kula. Ndipo Tunu akalala kifudifudi, sikio juu ya udongo, toka jua la asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, bila kusogea. Akaijua njia ya fuko. Akatega kamba na fito pale pale aliposikia, na kabla ya alasiri fito ikafyatuka, fuko akanaswa. Karoti za zambarau zilikuwa zimebaki chache sana. Lakini zilibaki.

Wiki iliyopita tukafukua kidogo, tukatazama. Zambarau ipo. Njano ipo. Nyeupe ipo. Rangi ya chungwa ipo. Nikalia, nikadhani mambo yamekwisha. Kumbe yalikuwa yanaanza.

"Mama, bila mkono wangu mngepanda majivu," akasema Mwanahawa.

"Mbegu iliyo kwenye kanga ni majivu vilevile mpaka aje wa kuiotesha," akasema Hoza.

Tunu hakupandisha sauti. "Mama mkubwa, mmoja aliokoa na mwingine akaotesha. Fuko angewashukuru wote wawili."

Tangu hapo sinia wanakula mbalimbali. Wanangu wanasema nikigawe mara tatu. Nitakigawaje? Kila mmoja ataiacha rangi yake ichanue, nyuki watazichanganya, na mwakani hatutakuwa na hata rangi moja ya marehemu. Tena yeye mwenyewe alikataza. Ningoje? Mvua za vuli zinakaribia, na karoti ya mbegu isiyochaguliwa mapema itaozea ardhini. Eda yangu inaisha Jumapili. Siku hiyo nitaoga, nitavaa, nitatoka, na wote watatu watakuwa wamesimama pale mlangoni wakinitazama mdomo.

Nampa Mwanahawa, aliyeunguza mkono siku ambayo hata mimi nilizisahau mbegu? Nampa Hoza, aliyemwagilia kitu ambacho sote tulikizika? Au nampa Tunu, aliyekuja mwisho, na bila yeye hao wa mwanzo wasingekuwa na cha kugombea?

Ninyi mnaonisikiliza, wakubwa kwa wadogo, nimewawekea kisa mbele yenu kama kilivyo. Wasia ni amana, na aliyeniachia hayupo nimuulize. Je, ungekuwa wewe umekaa mlangoni pangu, ungemkabidhi nani kitalu?

Fikirini. Lakini kabla hamjanijibu, inueni mikono pamoja nami. Ewe Mola, mrehemu mja wako Athumani, mpanulie kaburi lake, liangaze, ulifanye bustani katika bustani za peponi, na utukutanishe naye kwa kheri. Amin.