Matuta Sita ya Yudith

Koleo likivunjika mkononi, mhunzi wa jina tu hufunga karakana akaenda kulala. Mhunzi wa kweli hutafuta namna nyingine ya kukishika chuma cha moto. Yudith, binti wa mkata mkonge, aliyajua hayo alipopelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha somo la kilimo katika shule moja ya sekondari, barabara ya Pangani.

Shuleni hapo jembe lilikuwa kiboko. Aliyechelewa alilima, aliyepiga kelele alilima, na kila aliyelima aliondoka akilichukia shamba na vyote vilivyomo. Nani basi angelipenda somo la kilimo? Wiki ya kwanza tu Yudith alimwomba mkuu wa shule, Mwalimu Methusela, adhabu hiyo ikome. Mkuu alicheka mpaka akafuta machozi, akauliza tangu lini mwanagenzi akamfundisha fundi.

Aliyemsikiliza alikuwa mmoja tu: Mwalimu Imakulata, mlezi wake wa mazoezi, mama wa makamo mwenye goti bovu na kalamu nyekundu isiyo na huruma. Mara tatu alimrudishia andalio la somo, akamwambia bila kumung'unya maneno kwamba limejaa maneno na halina udongo. Andalio la nne ndilo lililowatoa Kidato cha Pili darasani wakapanda matuta sita ya mahindi. Matatu waliyafunika kwa makumbi ya nazi, matatu wakayaacha wazi, ili waone wenyewe makumbi yanavyotunza unyevu. Bi Farhana, mkufunzi kutoka chuoni, angekuja Ijumaa kulikagua somo hilo. Alama zake pamoja na ripoti ya mkuu ndizo zingeamua kama Yudith atakuwa mwalimu au atarudi kwa wazazi wake kwenye mkonge.

Alhamisi, wachelewaji thelathini walitumwa na mkuu kupalilia matuta hayo. Wakapalilia kwa hasira zote za dunia. Yudith alipofika hapakuwa na mche uliosimama, na makumbi yalikuwa yametupwa nje ya ua. Mkuu hakuona hata haya. Alimshauri afundishie darasani, achore mahindi ubaoni, mambo yaishe. Akithubutu kumpeleka mgeni kwenye uchafu ule, ripoti itasema hana nidhamu.

Yudith alikaa kwenye tuta akalia. Mwalimu Imakulata hakumbembeleza. Alipiga goti lake bovu kwa taabu, akachimba kwa vidole pale palipokuwa na makumbi, akamwekea donge la udongo kiganjani. Lilikuwa baridi na lenye maji.

"Mahindi wameyang'oa, mwanangu," alisema. "Na huu nao wameung'oa?"

Ijumaa asubuhi Yudith alijikaza kisabuni. Mbele ya Bi Farhana na mkuu aliyenuna, aliwatoa wanafunzi wake darasani, akawapanga kwenye matuta matupu, akawaambia wachimbe kwa mikono. Kwenye matuta yaliyoachwa wazi kucha ziliuma, ardhi imekauka kama kigae. Kwenye yale yaliyokuwa yamefunikwa vidole vilizama, wakatoka na nyungunyungu. Leticia, mmoja wa waliong'oa jana, alilitazama donge mkononi mwake kwa muda mrefu. Kisha akaieleza sababu ya unyevu ule hatua kwa hatua, wala hakuna aliyemuuliza.

Bi Farhana alitaka kujua nani aliyaharibu mahindi. Mkuu alimkazia Yudith macho.

"Walioletwa hapa kuadhibiwa, mwalimu," Yudith alijibu. "Siwalaumu. Mtoto akifunzwa kwamba jembe ni kiboko, atalipiza kisasi kwa shamba. Mimi sitafundisha hivyo, hata nikifeli."

Mkuu alitimiza ahadi yake, akaandika kwamba hana nidhamu. Mwalimu Imakulata akaandika chini yake, kwa kalamu ile ile nyekundu, kwamba kama huo ndio utovu wa nidhamu, basi yeye mwenyewe, katika miaka yake ishirini na sita ya ualimu, amechelewa kuwa nao. Bi Farhana alizisoma ripoti zote mbili, akampa Yudith alama za juu. Yudith akafaulu.

Jumatatu, kabla ya kengele, Leticia na wenzake walikuwa shambani wakirudisha makumbi na kufukia mbegu mpya, na hakuna aliyewatuma. Mkuu aliwatazama kutoka dirishani asijue awaadhibu kwa kosa gani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.