Tembo Aliyevuka Mto

Kulikuwa na muuguzi mmoja, wapendwa, katika hospitali ndogo huko nyanda za juu. Tumwite Tusekile. Siku moja kampuni iliyokuwa inajenga daraja ilimleta fundi wake, mzee wa Kichina aitwaye Guo. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya jukwaa la ujenzi, amevunjika mguu. Kichwa nacho alikuwa amekigonga, lakini walimwangalia wakasema si kitu. Mguu ukafungwa plasta, akapewa kitanda cha dirishani.

Mzee yule akageukia ukuta. Uji ukaletwa, ukarudi. Wali ukaletwa, ukarudi. Kiswahili chake kilikuwa maneno manne tu: maji, asante, hapana, polepole. Ilipofika siku ya tatu, Tusekile akaanza kuogopa. Kila akiingia wodini alitazama kwanza kama shuka la kile kitanda linapanda na kushuka. Ninyi mngefanya nini? Si mngeandika "mgonjwa amekataa kula," mkatia sahihi, mkaenda kwa mwingine?

Siku ya nne akamkuta amechora mistari nyuma ya boksi la dripu, amekata vipande vya karatasi na kuviandika Kichina, nusu kwa wino mwekundu, nusu kwa mweusi. Anacheza peke yake. Tusekile akasimama akitazama. Mzee akamkazia macho, halafu akasukuma nusu ya vipande upande wake.

Dada wa watu hajui hata pa kushika! Akamkimbilia Sanga, dereva wa kampuni, aliyekaa kambini na Wachina miaka minne.

"Hiyo ni sataranji yao, dada," Sanga akamwambia. "Usiweke ndani ya vyumba kama drafti. Weka pale mistari inapokutana. Huu mstari mpana wa katikati ni mto. Jemadari hatoki kwenye hiki kiboma chake. Tembo anakwenda mshazari, hatua mbili, lakini mto havuki hata vita iwake vipi. Farasi ukimzibia mbele, amekwama. Mzinga hauli mpaka uruke juu ya kipande kingine. Askari anasonga mbele, harudi."

"Na nikikosea?"

"Atakasirika. Na akikasirika, dada, ndiyo hali chakula tena."

Basi Tusekile akajifunza kwa hofu, kama mtu anayejifunza dawa ya sumu. Alijichora herufi zile mkononi kwa kalamu. Kilichomtesa zaidi ni kwamba askari mwekundu na askari mweusi hawaandikwi sawa. Akiwa anakunja bandeji, midomo inatembea: farasi, moja mbele, moja mshazari. Wenzake wakamcheka. "Sista, siku hizi unacheza na wagonjwa?"

Mchezo wa kwanza alishindwa upesi sana. Mzee alimpiga kidogo kwenye vidole: "Hapana! Hapana! Polepole!" Akarudisha kipande, akamwonyesha tena. Lakini Tusekile alipokuwa anawaza, anawaza, mzee akachoka kusubiri, akachukua kijiko. Uji ukaisha.

Ikawa hivyo kila siku saa ya chakula cha mchana. Na mzee hakuwahi kukosea hata mara moja. Alicheza kama mimi na wewe tunavyopumua.

Siku ya kumi na mbili kila mtu alifurahi. Mzee amekula wali wote, amesema asante kwa mpishi, anatabasamu. Tusekile akapanga vipande. Wakaanza. Mzee akamchukua tembo wake, akamvusha mto.

Tusekile akacheka. Akadhani anapimwa. Akamrudisha tembo. Mzee akasema, "Asante," akamchukua jemadari, akamtoa nje ya kiboma, akamweka katikati ya uwanja kama mtu anayeweka kikombe mezani.

Kicheko kikaisha. "Mzee? Hapana, mzee. Hapana."

Mzee akaendelea kutabasamu.

Tusekile akaenda kwa daktari, akamweleza. Daktari akafungua faili. "Presha nzuri. Joto zuri. Amekula. Sasa niandike nini, sista? Kwamba amefungwa mchezo?"

"Daktari, mzee huyu hawezi kukosea hivyo. Ni kama mimi nisahau jina la mama yangu. Njoo umwone. Kama nimekosea, nitakuomba radhi mbele ya wodi nzima."

Daktari akaja, akammulika machoni kwa tochi. Jicho moja likaitikia mwanga. La pili halikuitikia. Papo hapo akaita gari la wagonjwa. Katika hospitali ya rufaa walikuta damu imekuwa ikivujia ndani ya kichwa, taratibu, tangu siku ile ya kuanguka. Walimpasua jioni ileile. Mzee alipona, ingawa ulimi ulibaki mzito. Madaktari wa kule walisema asubuhi isingemkuta.

Sasa, wapendwa, nani alimwokoa? Faili lilisema mzima. Sahani tupu ilisema mzima. Tabasamu lilisema mzima. Aliyejua kwamba anakufa ni yule mmoja aliyekuwa amejifunza jinsi anavyokwenda akiwa mzima.

Na sisi je? Tunasema tunapendana. Unajua mkeo hunyamaza vipi akiwa amechoka, na vipi akiwa amekata tamaa? Unajua mwanao alikuwa anacheka nini mwaka jana, ambacho mwaka huu hakimchekeshi?

Mwezi uliopita tulimzika mwenzetu wa kwaya, yule wa sauti ya besi. Kule makaburini kila mtu alisema, "Jamani, hakuna aliyejua." Kumbe alikuwa anaumwa miezi saba. Miezi saba aliimba hapa mbele yetu! Mimi mchungaji wenu nilimpa mkono mlangoni kila Jumapili. Nikamuuliza, "Habari?" Akanijibu, "Nzuri, mchungaji." Nami nikamshika mkono anayefuata, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.

Sikujua besi yake ilikuwa imepungua. Sikuwa nimewahi kuisikiliza.

Leo sitasimama mlangoni. Nitakaa kwenye benchi lile la nyuma, na sina haraka. Mwenye lolote aje tukae. Na wewe usiye na lolote, usikimbilie nyumbani. Kaa na aliye kando yako, mpaka umjue.