Bakuli Lililofudikizwa

Tupo wengi hailei mwana. Shangazi yenu alipofunua sufuria na kukuta maharage ya sherehe yameungua, na nyinyi sita mmekaa hatua tatu kutoka mekoni, hakupiga kelele. Alisema maneno hayo, akachukua ndoo akaenda kuchota maji mengine. Sasa mnauliza yametoka wapi. Yametoka hukuhuku milimani Upare, katika nyumba ya mwanamke aliyeitwa Nakundwa, na chanzo chake ni hiki.

Mume wa Nakundwa alikuwa akikata mkonge bondeni, akirudi nyumbani mara mbili kwa mwaka. Nyumbani alibaki Nakundwa na mtoto wao Mbonea, mwenye miaka miwili na ushee, pamoja na mama mkwe wake Nambike, wifi yake Naelijwa aliyekuwa na mimba ya miezi saba, na shemeji yake Mrindoko, aliyeanguka kutoka juu ya paa akavunjika mguu, ambaye siku hizo alishinda uani akichonga mipini ya majembe.

Mbonea alikuwa mtoto wa kila mtu. Hivyo ndivyo Nakundwa alivyoambiwa tangu siku alipojifungua. Alipotaka kumpa jina la upande wa kwao, aliambiwa mtoto si wake peke yake, ni wa ukoo. Alipomwachisha ziwa, wanawake wanne walikuja kumweleza kwamba amewahi, na wa tano akaja kumweleza kwamba amechelewa. Ukoo ulikuwa na maoni kuhusu nywele za mtoto, usingizi wake na namna anavyokohoa. Nakundwa aliitikia yote. Alichokuwa akikihesabu kimoyomoyo ni kwamba katika watu wote hao, hakuna aliyewahi kuzifua nepi.

Siku moja mtoto alilishwa uji na watu watatu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akidhani ni wa kwanza, akatapika mpaka jioni. Nakundwa akaweka sheria. Bakuli la Mbonea lingekaa kwenye kichanja cha jikoni. Likitazama juu, mtoto hajala. Aliyemlisha alioshe na kulifudikiza, ili anayefuata ajue. Sheria ilikuwa nzuri, na wote waliifuata. Kumbukeni kwamba aliyeitunga ni yeye mwenyewe.

Mwaka huo surua ilipita kijijini. Mbonea aliugua, akapona, lakini alibaki ngozi na mifupa. Mganga wa zahanati alimwambia Nakundwa ampe uji mwepesi mara nne kwa siku, kidogo kidogo, bila kuruka hata mara moja. Alisema mtoto huyo hana akiba mwilini, na akishinda na njaa siku nzima asiletwe tena zahanati, apelekwe moja kwa moja kwa mchungaji. Ulimi wa mganga yule ulikuwa mchungu, lakini hakukosea.

Wiki ileile ukingo wa ndiva ulibomoka. Ndiva, kwa nyinyi mliokulia mjini, ni bwawa la kukusanyia maji ya mfereji juu mlimani, nayo hutengenezwa kwa msaragambo, yaani kazi ya kijiji kizima. Baragumu likipulizwa alfajiri, kila nyumba itoe mtu. Nyumba isiyotoa mtu hupoteza zamu yake ya maji mpaka msimu uishe. Maharage ya Nakundwa ndiyo kwanza yametoa maua, na mvua ilikuwa imekatika.

Mama mkwe alikuwa mzee, wifi ana mimba, shemeji mguu umefungwa vijiti. Alikuwa amebaki yeye tu. Alfajiri alipika uji chungu kizima, akamlisha mtoto mara ya kwanza, akaosha bakuli na kuliacha likitazama juu, wajue kwamba mlo wa pili bado. Akawaeleza wote watatu maneno ya mganga. Aliyaeleza mara mbili.

"Nenda, mwanangu," mama mkwe akamwambia. "Kwani sisi si watu? Tupo wengi."

Akaenda.

Yaliyotokea siku hiyo aliyajua baadaye, kwa kuuliza mmoja mmoja. Jua lilipopanda kidogo, Nambike alichukua ufagio akaanza kupangusa masizi ya dari. Masizi yakaanguka kwenye kichanja. Mwanamke msafi hawezi kuacha bakuli la mtoto likijaa masizi, basi akalifudikiza, kisha akaenda kufagia uwanja na kusahau. Naelijwa aliingia jikoni, akaliona bakuli, akajua mtoto ameshakula. Mrindoko alimsikia Mbonea akilia, akamuuliza Naelijwa kama amepewa uji, akajibiwa kwamba amepewa. Saa sita Nambike alimuuliza Mrindoko swali lilelile, naye akajibu kwamba amepewa, maana aliambiwa hivyo. Hakuna aliyesema uongo. Alasiri mtoto aliacha kulia, nao wakamsifu kwamba leo ametulia.

Nakundwa alirudi jua likiwa linaelekea kuzama, udongo umemfika magotini. Alimkuta Mbonea amelala mkekani, midomo imekauka, macho nusu wazi. Alimwita, hakugeuka. Aliingia jikoni, akalitazama bakuli lililofudikizwa, kisha akafunua chungu. Uji ulikuwa umefunga utando kutoka ukingo hadi ukingo, na utando ule haukuwa na hata alama ya upawa.

Aliwasha moto, akaupasha uji na kuuongeza maji, akampakata mtoto na kumdondoshea mdomoni kwa kidole. Mara ya kwanza ulimwagika wote shavuni. Mara ya pili vilevile. Watu wazima watatu walisimama mlangoni wakimtazama. Baada ya muda mrefu koo la mtoto lilisogea. Akameza. Alipomeza mara ya kumi alikiuma kidole cha mama yake, naye Nakundwa akakiacha kiumwe.

Ndipo alipouliza nani alimlisha. Kila mmoja alimtaja mwenzake, na mzunguko ukarudi kwenye bakuli.

"Lakini tulikuwepo wote," Nambike akasema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo, mama. Mlikuwepo wote."

Kesho yake kazi ya ndiva iliendelea. Baragumu lilipulizwa, Nakundwa hakutoka. Likapulizwa mara ya pili. Mzee Kanyika, msimamizi wa msaragambo, akaja hadi mlangoni na wanaume wanne nyuma yake, na majirani wawili wakaja kusikiliza. Akamkumbusha habari ya zamu ya maji. Nakundwa akamjibu kwamba ana mtoto wa kulisha.

"Mtoto ni wa ukoo," jirani mmoja akasema. "Mwache tu, mama Mbonea. Tupo wengi."

Nakundwa alikuwa amechoka, na uchovu ulikuwa umemwondolea adabu ya kuitikia.

"Tupo wengi hailei mwana," akasema. "Jana walikuwepo watatu, na chungu kimebaki kama nilivyokiacha. Sitaki kusikia tupo. Nitajieni mtu mmoja, jina lake. Mbonea akilala njaa, nikirudi nimuulize huyo na si mwingine."

Jirani aliyesema tupo akakumbuka kwamba ana mbuzi hajawafungulia. Naelijwa alitazama tumbo lake. Nambike alifumba mikono, maana tangu jana alikuwa hajiamini tena.

"Mimi," akasema Mrindoko kutoka uani.

Wanaume waliokuwa na Kanyika wakacheka. Mmoja akamuuliza lini amekuwa yaya, na kama atamnyonyesha pia.

"Nimevunjika mguu," Mrindoko akajibu, "mkono upo. Leteni chungu hapa nilipokaa, na mtoto hapa. Shemeji, niulize mimi."

Nakundwa akamkabidhi mtoto, chungu na upawa. Bakuli alilitoa kwenye kichanja akampa mkononi, na tangu siku hiyo halikurudi tena kichanjani. Akachukua jembe, akapanda mlimani nyuma ya Kanyika. Aliporudi jioni alikuta chungu kimepungua kwa vipimo vinne, na Mrindoko ana uji mpaka kwenye ndevu, akilalamika kwamba mtoto huyu ni mkaidi kama mama yake. Zamu ya maji haikupotea. Maharage yalibeba.

Wale wanaume waliocheka ndio walioyaeneza maneno yale. Mwanzoni waliyasema kwa dhihaka. Baadaye, kila mkutano ulipoamua jambo na watu wote wakaitikia, mtu alisimama akasema hailei mwana, na mkutano ukalazimika kutaja jina.

Hiyo ndiyo habari yake. Sasa, shangazi yenu ameshateleka maharage mengine. Niambieni, nani anayaangalia?

Msitazamane. Nimeuliza nani.

Haya, Nakiete amesimama. Nenda, mjukuu wangu. Nitakuuliza wewe. Nyinyi wengine bakini hapo mlipo, na mkumbuke: tupo wengi hailei mwana.